Mfupi Si Mdogo: Mwongozo wa Kumlea Mtoto wa Kimo Kifupi

Kiswahili kina neno moja linalobeba mambo mawili. Tunamwita "mdogo" mtu ambaye umri wake haujaenda, na tunamwita "mdogo" vilevile mtu ambaye mwili wake haukurefuka. "Mkubwa" ni hivyo hivyo. Kwa watoto wengi mchanganyiko huu hauna madhara, kwa kuwa mwili na umri huongozana: aliyezidi kwa miaka huzidi pia kwa kimo. Mtoto ambaye kimo chake kimebaki nyuma ya umri wake ndiye anayeponzwa nao kila siku. Ana miaka 11 na anaulizwa kama ameanza chekechea. Kwenye daladala mama yake anaambiwa ampakate. Mgeni akifika nyumbani, mdogo wake aliyempita kimo ndiye anayesalimiwa kwanza kama kaka wa nyumba. Mwongozo huu umesimama juu ya hoja moja: kinachomwumiza zaidi mtoto mfupi ni mazoea ya watu kuusoma umri wake kwenye kimo chake, na kwa hiyo dawa ya kwanza ya moyo wake ni kutendewa kwa umri wake, nyumbani na shuleni, bila kukosa. Hoja hii haimaanishi kwamba sentimita hazina maana. Inamaanisha kwamba sentimita hazipo mikononi mwako, wewe mzazi, mlezi au mwalimu, lakini namna ya kumtendea mtoto ipo.

Anza kwa kupima

Kabla ya kuuangalia moyo, mwili uangaliwe, kwa sababu baadhi ya watoto ni wafupi kwa kuwa wanaumwa, na hakuna maneno ya faraja yanayoweza kutibu figo au tezi ya shingoni. Wataalamu humhesabu mtoto kuwa mfupi pale anapopitwa kimo na watoto 97 hivi katika kila 100 wa umri na jinsia yake. Ukifikiri vizuri utaona kwamba, kwa hesabu hiyo, hata katika kundi la watoto wenye afya tele wawili au watatu kati ya 100 watakuwa hapo, kwa sababu tu mstari wowote lazima uwe na mwisho wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake vya ukuaji mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kubaini kwamba watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri hukua kwa namna inayokaribiana sana popote walipozaliwa. Kwa viwango hivyo mvulana wa katikati anapotimiza miaka 5 ana sentimita 110, na aliye chini ya sentimita 101 hivi anastahili kuangaliwa na daktari.

Hata hivyo kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Kasi ndiyo inayosema. Kuanzia miaka 5 hadi balehe, watoto wengi huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Mtoto anayeongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka apelekwe hospitali hata kama hana homa wala maumivu. Tatizo ni kwamba kadi ya kliniki hufungwa kabatini mtoto akifikisha miaka 5, na kabla ya hapo mara nyingi huwa imejazwa uzito zaidi ya urefu. Basi endelea mwenyewe: mara moja kila miezi sita, mtoto akiwa bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, andika tarehe na kimo kwenye daftari. Fanya hivyo faraghani, wala usimpime kila wiki, kwa sababu mtoto anayepimwa mara kwa mara hujifunza kwamba mwili wake ni kesi isiyokwisha. Daktari atauliza kimo cha wazazi wote wawili, chakula, kuharisha kwa muda mrefu, selimundu, moyo na figo. Msichana mfupi asiyefanana kimo na ukoo wake anaweza kuhitaji kipimo cha kromosomu, kwa kuwa hali iitwayo Turner humpata takriban msichana mmoja kati ya kila 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Msichana ambaye matiti hayajaanza kuota akiwa na miaka 13, na mvulana asiyeonyesha dalili yoyote ya balehe akiwa na miaka 14, nao waonwe. Wengi wa hao wamechelewa tu, kama baba au mama alivyochelewa, nao hurefuka wenzao wakiwa wameshasimama. Majibu ya daktari, yawe ya namna gani, ni sehemu ya malezi: mtoto anayejua kwa nini yeye ni mfupi ana la kujibu anapoulizwa, na asiyejua hubaki akijitafutia sababu mwenyewe, mara nyingi sababu ya kujilaumu.

Ushahidi unasema nini

Kwa miaka mingi madaktari na wazazi waliamini kwamba ufupi wenyewe huvunja moyo wa mtoto. Imani hiyo ilitokana na watoto waliofika hospitali, ambao wengi waliletwa kwa sababu walikuwa tayari wana huzuni. Watafiti wa Uingereza, katika utafiti uliojulikana kwa jina la Wessex, walifanya jambo tofauti: waliwatafuta watoto wafupi wenye afya walipoanza shule miaka ya 1980, pamoja na wenzao wa kimo cha kawaida wa umri na jinsia ileile, wakawafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba watoto wafupi hawakuwa nyuma ya wenzao kwa kujithamini wala kwa tabia, na kwamba hali ya maisha ya familia ilieleza tofauti za watoto zaidi kuliko kimo kilivyozieleza. Jambo moja tu lilifungamana na kimo zaidi: kuridhika na mwili. Watoto wafupi walitamani kuwa warefu. Lishike vizuri jambo hili, maana wazazi wengi hulichanganya. Mtoto anaweza kutokipenda kimo chake na bado akajipenda mwenyewe. Kutamani kurefuka si ugonjwa, na mtoto akikuambia kwamba anatamani, usikimbilie kudhani kwamba amevunjika.

Ushahidi wa pili unatoka jimbo la New York, Marekani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 956 wa madarasa ya juu ya msingi na sekondari, ambapo watafiti hawakumwuliza mtoto mfupi anajionaje. Waliwauliza wenzake darasani wanamwonaje. Kimo hakikuathiri sana nani anapendwa, nani ana marafiki wala nani anasifika kwa tabia njema. Lakini hasa katika madarasa ya chini, wafupi walionekana kuwa wadogo kuliko umri wao. Hapo ndipo penye mwiba. Watafiti wa Wessex nao waliporudi kwa watoto wale wakiwa sekondari, walichapisha mwaka 2000 kwamba wavulana wafupi walieleza kuonewa zaidi ya mara mbili ya wenzao wa kimo cha kawaida. Ukiweka matokeo haya pamoja, picha inakuwa wazi: ufupi hauozeshi nafsi ya mtoto kutoka ndani, ila humweka mahali ambapo watu wanaweza kumdharau kwa urahisi zaidi. Hatari ipo nje yake, kwenye macho na midomo ya watu, na kilicho nje kinaweza kuzuiwa. Tafiti hizi ni za Uingereza na Marekani, lakini tabia zinazoelezwa humo, kumwona mfupi kuwa mtoto mchanga na kumwonea asiye na mwili, hakuna uwanja wa shule wa Afrika Mashariki usiozijua.

Neno "udumavu" na mzigo wake

Kwetu kuna jambo moja ambalo tafiti hizo hazikulihusu. Katika Tanzania na Kenya mazungumzo ya kimo cha watoto yametawaliwa na neno "udumavu". Sababu zipo: kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na Kenya asilimia 18, huku Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayovuna chakula kwa wingi, ikiwa na takriban nusu ya watoto au zaidi katika hali hiyo. Kampeni zinazomhimiza mama mjamzito na familia kuzitunza siku 1,000 za kwanza za mtoto ni za haki na zinaokoa maisha. Zinaeleza pia kwamba lishe duni huudhuru ubongo unaojengwa, na hilo ni kweli. Ila ujumbe huo ukitoka kliniki na kuingia darasani hugeuka rungu. Mtoto wa miaka 10 huitwa "mdumavu", na wanaomwita hivyo humaanisha kwamba akili yake nayo ni fupi.

Takwimu ya udumavu hueleza hali ya jamii nzima. Haikuandikwa kupima akili ya mtoto mmoja. Mtoto mmoja mfupi anaweza kuwa na wazazi wafupi, anaweza kuwa amechelewa balehe, anaweza kuwa na hali ya mifupa aliyozaliwa nayo, na anaweza kweli kuwa alikosa lishe utotoni. Kimo peke yake hakitakuambia ni lipi kati ya hayo, wala hakitakuambia anaelewaje hesabu. Na hata yule aliyekosa lishe, nafasi yake ya kuendelea inategemea chakula anachopata leo, kitabu anachosomewa leo na mwalimu anayemwuliza swali gumu leo. Kumshusha matarajio kwa sababu ya kimo ni kumdumaza mara ya pili. Basi mzazi na mwalimu waitumie elimu ya udumavu pale inapofaa, kwenye chungu na kliniki, na walikataze neno hilo lisitumike kama jina la mtoto.

Nyumbani: kazi, nguo na heshima

Kumtendea mtoto kwa umri wake huanza na kazi za nyumbani. Angalia ndugu zake walifanya nini walipokuwa na miaka yake: walitumwa dukani na pesa, waliachiwa kumwangalia mdogo wao, walipika ugali, waliulizwa maoni juu ya sare mpya. Kama yeye hafanyi hayo, jiulize ni nini hasa kinachomzuia. Palipo na kizuizi cha mwili, kama rafu iliyo juu au jiko refu, weka kigoda. Palipo na mazoea yako tu ya kumwona mtoto mchanga, badili mazoea. Kuna mambo ambayo lazima yafuate mwili: dozi ya dawa hupimwa kwa uzito, na kina cha maji ya kuogelea hutegemea kimo. Hayo mweleze waziwazi kwamba yanahusu usalama. Mengine yote, saa ya kulala, kiasi cha uhuru, siri za familia anazoweza kuaminiwa, na adhabu pia, yafuate umri. Nasema adhabu pia kwa makusudi, kwa sababu wazazi wengi humsamehe mtoto mfupi makosa wasiyomsamehe ndugu yake. Wanaona huruma, lakini mtoto hujifunza kwamba yeye hahesabiwi miongoni mwa watu wenye akili timamu.

Ugumu mkubwa hutokea mdogo mtu anapompita kimo mkubwa wake. Siku hiyo itakuja, na ni bora ikukute umejiandaa. Usiwasimamishe mgongo kwa mgongo mbele ya wageni. Usiruhusu mdogo aache kumwita "kaka" au "dada" kama ndivyo mlivyozoeana. Nguo zisirudi nyuma, yaani mkubwa asivishwe zilizombana mdogo wake. Hata kama pesa ni haba, mpelekee fundi zirekebishwe na zimfikie kwa njia nyingine. Na ile desturi ya kununua sare kubwa ili mtoto "aikulie" ni ya busara kwa anayekua haraka, lakini mtoto anayekua polepole ataivaa miaka mitatu ikimmeza. Fundi akipunguza mikono na pindo, na kubakiza kitambaa ndani kwa ajili ya baadaye, mtoto ataingia darasani akiwa amevaa nguo inayomkaa. Hilo ni jambo la shilingi chache, na linaonekana kila asubuhi.

Majina, na mipaka ya utani

Lugha yetu ina uwezo wa kumtoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ya vitu. Tukisema "mtoto huyu amefika," tumemtaja mtu. Tukisema "kitoto hiki kimefika," tumemdogosha hata kabla ya kusema ana kosa gani. Ndiyo maana "kilema" liliachwa katika maandishi rasmi na nafasi yake ikachukuliwa na "mtu mwenye ulemavu". Kwa mtoto mfupi maneno ni mengi: kibete, kibushuti, andunje, mbilikimo, nyundo. Mengine huja yamefunikwa na mapenzi, kama "kadogo ketu". Kanuni ya kufuata ni nyepesi: mwite kwa jina lake. Ikiwa ana jina la utani, liwe ni lile alilolichagua au analolicheka yeye mwenyewe hata mkiwa wawili tu, na siku akisema halitaki, liishe siku hiyo hiyo. Ukihitaji kueleza hali yake, sema ni mtoto wa kimo kifupi, kama unavyosema fulani ni mweupe au mnene, bila kushusha sauti wala kuipandisha.

Hapa ndipo wengi hupinga. Watasema kwamba utani ni mila yetu, na mtoto asiyetaniwa hukua akiwa laini. Ni kweli kwamba utani ni mila, na ni mila yenye thamani kubwa. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani wanaozikana na kuchekana. Lakini mila hiyo ina sheria. Utani huenda pande zote mbili: anayekutania leo, kesho unamrudishia mbele ya watu, naye hana ruhusa ya kukasirika. Sasa mtazame mjomba anayemwita mtoto wa miaka 9 "mbilikimo" mbele ya wageni. Je, mtoto huyo anaruhusiwa kumjibu mjomba kuhusu kitambi chake? Akithubutu ataambiwa hana adabu. Panapokuwa na mmoja wa kusema na mwingine wa kunyamaza, hapo hapana utani tena. Pana dhihaka iliyoazima jina la utani. Mzazi ana haki, kwa mila zenyewe, ya kumwambia ndugu yake pembeni na kwa heshima: "Kaka, huyu si mtani wako. Mwite kwa jina lake." Isemwe mapema na isemwe na mtu mzima, maana mtoto hawezi kuisema.

Shuleni

Zamani, palipokosekana vyeti vya kuzaliwa, mtoto alipimwa kama amefikia umri wa shule kwa kuambiwa apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Aliyechelewa kukua au aliyezaliwa na mikono mifupi aliweza kurudishwa nyumbani ilhali umri umetimia. Vyeti vimeongezeka, lakini fikra ile haijaondoka. Mwalimu, angalia mambo madogo yanayojirudia kila siku. Mistari ya asubuhi ikipangwa kwa kimo, mtoto yuleyule atasimama wa kwanza kwa miaka saba, mbele ya shule nzima. Ipange kwa namba za daftari la mahudhurio au kwa makundi. Dawati la mbele ni zuri akiwa haoni ubao, ila miguu yake isining'inie: ubao au tofali chini ya nyayo humwezesha kukaa na kuandika bila kuchoka. Bomba, ndoano ya mkoba na kitasa cha choo viwe mahali anapofika, kwa sababu mtoto anayelazimika kuomba kufunguliwa mlango wa choo amenyang'anywa faragha.

Kisha gawa madaraka. Katika mchezo wa baba na mama, mtoto mfupi hupewa kila siku nafasi ya kuwa mtoto. Katika kuchagua timu, huchaguliwa wa mwisho. Darasani mwalimu anaweza kuigeuza hesabu hiyo kwa kumpa kazi zinazoendana na umri wake na zinazoonwa na wote: kiranja, mtunza vitabu, msomaji wa taarifa ya habari paredini. Asipewe kwa kuhurumiwa. Apewe anayoiweza, na akikosea asahihishwe kama wengine. Kuhusu uonevu, usimshauri anayeonewa awakwepe wenzake wala usimwambie apuuze. Shughulika na wanaomwonea, na zaidi na wale wanaotazama na kucheka, kwa maana kicheko chao ndicho malipo ya mwonevu. Mzazi akienda shuleni aende na mambo mahususi, siku, mahali, maneno yaliyosemwa, na aondoke na makubaliano ya nini kitafanyika na lini wataonana tena.

Kuzungumza na mtoto mwenyewe

Sentensi inayotumiwa zaidi kumfariji mtoto mfupi ni "Usijali, utarefuka tu." Iache, isipokuwa daktari amekuambia hivyo. Ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na ndani yake imebeba ujumbe kwamba atakuwa sawa siku akirefuka, yaani leo hayuko sawa. Vilevile "Kimo si kitu" haimsaidii, kwa sababu leo asubuhi kimo kilikuwa kitu, alipokosa nafasi kwenye timu. Akija na uchungu, msikilize hadi mwisho, kisha mwambie unachokiamini: "Imekuuma, na una haki ya kuumia. Walichosema si sawa. Tufikirie utafanyaje wakirudia." Baada ya hapo fanyeni mazoezi ya majibu mafupi, kwa sauti tulivu, macho yakimtazama mtu: "Nina miaka 12, niko darasa la sita." "Ndiyo, mimi ni mfupi. Unataka kusema nini kingine?" Rudieni nyumbani hadi maneno yatoke yenyewe. Jibu hilo halimnyamazishi kila mchokozi, lakini humwondolea mtoto ule ububu unaoumiza kuliko tusi.

Kuna wanaodhani kwamba njia bora ni kumtajia mashujaa, na jina la Lionel Messi ndilo la kwanza kutajwa. Mfano huo utumike kwa uangalifu. Kwanza, Messi alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji uliogunduliwa kwa vipimo na akatibiwa utotoni. Watoto wengi wafupi hawana upungufu huo. Pili, mtoto anayeambiwa kila mara kwamba wafupi fulani walikuwa mabingwa husikia sharti ndani yake: uwe bingwa ndipo uheshimike. Mtoto mrefu wa kawaida haombwi chochote ili aheshimiwe. Mfupi naye asidaiwe fidia. Msaidie kupata jambo analolipenda na kulifanyia mazoezi, liwe ngoma, kuandika programu za kompyuta, kukimbia au kushona, kwa kuwa kila mtoto anahitaji mahali pa kujiona anaweza. Lakini heshima yake isingoje medali.

Swali la sindano

Wazazi wenye uwezo huuliza kuhusu sindano za homoni ya ukuaji, na wasio na uwezo huuziwa mitandaoni vidonge na mitishamba ya "kuongeza urefu". Kuhusu hivyo vya mitandaoni, jibu ni fupi: mifupa mirefu ikishafunga baada ya balehe hakuna kidonge kinachoirefusha, na mtoto ambaye bado anakua anahitaji daktari. Homoni yenyewe ni tiba ya kweli kwa mwenye upungufu uliothibitishwa na kwa hali chache nyingine, ikiwemo Turner, na mtoto wa aina hiyo akiweza kuipata asicheleweshwe. Marekani iliruhusu mwaka 2003 itumike pia kwa watoto wafupi sana wasio na ugonjwa unaojulikana. Katika majaribio yaliyotegemewa, faida ya wastani ilikuwa sentimita 3.5 hadi 7.5 baada ya miaka 4 hadi 7 ya sindano, na mwongozo wa madaktari wa homoni za watoto wa huko uliotolewa mwaka 2016 ulipinga kumpa kila mtoto wa kundi hilo kama kawaida. Gharama ni kubwa, na kila sindano humkumbusha mtoto kwamba kuna kitu chake kinachorekebishwa. Ikiwa kinachomtesa ni kudharauliwa, sentimita 5 hazitamwondolea dharau. Watu waliozoea kumwona mdogo wataendelea. Anayetibiwa na asiyetibiwa wote wanahitaji malezi yaleyale yaliyoelezwa hapa.

Mtoto mwenye hali ya mifupa

Watoto wenye akondroplasia na hali nyingine za mifupa wanahitaji zaidi ya hayo. Akondroplasia hutokana na badiliko katika jeni moja, humpata mtoto mmoja katika takriban 25,000, na wanne kati ya kila watano wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Haitokani na laana, mwiko uliovunjwa wala kosa la mama, na mama anayelaumiwa na wakwe aambiwe hivyo mbele yao. Akili ya mtoto ni ya kawaida. Mwili wake unahitaji ufuatiliaji wa masikio, uti wa mgongo na upumuaji usingizini, hivyo hospitali asiikose. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotambua haki yake ya kusoma pamoja na wenzake na kuwekewa mazingira yanayomfaa. Mzazi anayedai kigoda na bomba la chini haombi hisani. Zaidi ya yote, mtoto huyu akutanishwe na watu wazima wanaofanana naye, wanaofanya kazi, wanaoendesha magari, waliooa na kuolewa. Mwigizaji wa Marekani Billy Barty aliwakusanya watu wa kimo kifupi mjini Reno mwaka 1957 na kuanzisha chama, na tarehe yake ya kuzaliwa, 25 Oktoba, leo ni siku ya kimataifa ya kuielimisha jamii kuhusu hali hizi. Kenya nayo ina chama cha watu wa kimo kifupi. Mtoto akimwona mtu mzima kama yeye, huipata picha ya maisha yake ya mbele ambayo mzazi mrefu hawezi kumchorea.

Pale msaada wa nyumbani usipotosha

Wapo watakaosema kwamba ulimwengu hautambembeleza mtoto huyu, kwa hiyo heri azoee makavu mapema. Ulimwengu ni mgumu kweli, na ndiyo sababu anahitaji nyumba ambamo amezoea kuheshimiwa: aliyezoea heshima huitambua dharau haraka na kuikataa, na aliyezoea dharau huiona kuwa haki yake. Hata hivyo, mtoto mwingine huelemewa. Tazama akianza kuumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, akikojoa kitandani baada ya kuacha, akikataa kucheza, akijigeuza kichekesho cha darasa ili achekwe kwa hiari yake, au akisema kwamba heri asingezaliwa. Maneno hayo ya mwisho yasichukuliwe kuwa ya kitoto hata mara moja. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, usimwache peke yake, na mfikishe kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo. Katika Tanzania na Kenya ipo simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, isiyolipiwa, na mtoto mwenyewe aijue kwa kichwa.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hawakuwa wakizungumzia sentimita. Kimo kitafika kitakapofika, na huna la kukifanya baada ya daktari kusema neno lake. Lakini kesho asubuhi kuna la kufanya. Mtoto wako akitoka chumbani, jikumbushe ametimiza miaka mingapi, kisha msemeshe, mtume, mwulize na umsikilize kama mtu wa miaka hiyo. Na yeyote atakayemwita mdogo, msahihishe palepale kwa upole: ni mfupi, si mdogo.